KUCHUNGUZWA KOO NA ZOLOTO: MAMBO YAMPASAYO MGONJWA KUYAJUA

Watu wengi wa Kitui na Makueni, sauti inapowakauka, husema ni vumbi. Wala hawakosi sababu ya kusema hivyo, maana katika miezi ya kiangazi, tangu Juni mpaka mvua za vuli zianzapo kunyesha, upepo wa nchi ile hubeba udongo mwekundu ukaujaza puani na kinywani. Sauti iliyokauka kwa vumbi, au kwa mafua, au kwa kuimba usiku kucha arusini, hurudi yenyewe baada ya siku chache. Mtu hunywa maji ya moto, hunyamaza kidogo, kisha husahau. Lakini iko na sauti nyingine isiyorudi. Wiki ya kwanza hupita, ya pili nayo hupita, na mwenyewe angali akikwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Hapo vumbi haliwezi kusingiziwa tena. Waganga wa koo wanayo kanuni yao: sauti iliyobadilika ikidumu kwa wiki tatu au nne, yapasa koo litazamwe kwa macho, na haraka zaidi ikiwa mtu huyo huvuta tumbaku, au amepita miaka arobaini, au ana uvimbe shingoni, au hupata taabu kumeza au kuvuta pumzi.

Kutazamwa huko ndiko kunakoogopwa. Mtu apewapo barua ya kwenda hospitali kuu huikunja akaiweka sandukuni, kwa kuwa amesikia sokoni ya kwamba huko watu huingizwa chuma kooni mpaka wakakosa pumzi, au kwamba aliyetazamwa hupoteza sauti kabisa. Maneno hayo yamewachelewesha wengi. Ukweli ni kwamba uchunguzi wa kawaida wa koo huchukua dakika chache tu, mgonjwa akiwa macho, ameketi kitini, na jioni yake hula chakula kama kawaida. Uko na uchunguzi mwingine ulio mkubwa zaidi, ufanywao kwa dawa ya usingizi. Nao una sababu zake na kanuni zake, zitakazoelezwa mahali pake.

Kwanza yafaa kukijua kitu kitazamwacho. Nyuma ya ulimi njia hugawanyika mara mbili. Ya nyuma ni umio, ipitishayo chakula kwenda tumboni. Ya mbele ni njia ya pumzi iendayo mapafuni. Juu ya njia ya pumzi ndipo ikaapo zoloto, nayo ni mfano wa kisanduku kidogo kilichotengenezwa kwa gegedu. Kwa mwanamume aliyekwisha kubalehe huonekana imetokeza shingoni, nayo hupanda na kushuka kila amezapo mate. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti, nyeupe kama pembe ya ndovu, zimekaa kama herufi V. Mtu avutapo pumzi, nyuzi hufunguka. Asemapo, hukutana, na pumzi itokayo mapafuni huzitikisa. Kwa mwanamume hutikisika mara mia na zaidi katika kila sekunde moja, kwa mwanamke kama mara mia mbili, na katika wimbo wa juu huzidi hapo sana. Kitu kidogo kama punje ya mtama kikiota ukingoni mwa uzi mmoja, nyuzi hazikutani sawasawa, pumzi huvuja, na sauti hukwaruza. Ndiyo sababu mganga hawezi kuujua ugonjwa kwa kusikiliza tu. Sauti ya mwalimu aliyepaza sauti darasani mwaka mzima, na sauti ya mzee mwenye donda baya, zaweza kufanana kabisa masikioni. Tofauti yao haijulikani ila kwa kuona.

Ajabu ni kwamba aliyewaonyesha waganga njia ya kuona hakuwa mganga. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania, jina lake Manuel García, aliyezaliwa mwaka 1805. Kwa miaka mingi aliwafundisha watu kuimba pasipo kujua sauti yatengenezwaje, na jambo hilo lilimsumbua. Mwaka 1854, akiwa Paris, alipata wazo la kutumia miali ya jua. Alinunua kioo kidogo chenye mkono mrefu, cha aina itumiwayo na waganga wa meno, akakitia joto, akakiingiza mpaka nyuma ya koo lake mwenyewe, na kwa kioo cha pili alichokishika mkononi akautupa mwanga wa jua juu ya kile cha kwanza. Akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Mwaka 1855 habari hiyo ilisomwa London mbele ya chama cha wataalamu, Royal Society. Huko Vienna mganga mmoja, Türck, alianza kutumia vioo vya namna hiyo mwaka 1857, lakini akaviweka kando jua lilipopungua. Mwenzake, Czermak, akaviazima, akatumia mwanga wa taa mahali pa jua. Türck angalikuwa anakaa Kitui asingalikuwa na haja ya kuviweka kando. García mwenyewe aliishi mpaka akatimiza miaka mia moja, waganga wa London wakamfanyia karamu mwaka 1905, akafa mwaka uliofuata. Kioo chake kingali kikitumika mpaka leo, hata katika hospitali zisizokuwa na mitambo ya bei kubwa.

Basi mgonjwa wa Tseikuru au wa Kibwezi haanzi safari yake Nairobi. Huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambapo muuguzi au afisa wa kliniki humsikiliza, akatazama kinywa na shingo, akamwandikia barua. Barua hiyo huipeleka hospitali kuu ya kaunti, iliyo Kitui mjini kwa watu wa Kitui, na Wote kwa watu wa Makueni. Katika Kenya wako maafisa wa kliniki waliosomea hasa magonjwa ya masikio, pua na koo, nao ndio ambao mara nyingi mgonjwa wa shamba hukutana nao kwanza. Juu yao wako madaktari wapasuaji wa kazi hiyo hiyo. Mambo yakizidi, mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ile iliyoanzishwa mwaka 1901, ambayo wazee waikumbuka kwa jina la King George. Kliniki ya koo haifunguliwi kila siku katika kila hospitali. Kwa hiyo ni busara kuuliza siku yake kabla ya kulipa nauli, maana safari ya bure kutoka Mutomo au Makindu ni hasara ya fedha na ya siku nzima ya shamba.

Vitu vya kuchukua si vingi: barua, kitambulisho, na karatasi zote za matibabu ya zamani, hata zile zilizochanika. Mgonjwa awe amekwisha kujiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa mfuko wa zamani wa NHIF mnamo Oktoba 2024, ili asisumbuke dirishani. Dawa anazozitumia azilete katika pakiti zake, hasa za sukari, za shinikizo la damu, na zile za kuifanya damu iwe nyepesi. Kama dawa fulani iliwahi kumvimbisha au kumtoa vipele, lazima aseme. Mwenye mimba naye aseme.

Kisha yatakuja maswali, nayo ni sehemu ya uchunguzi. Sauti ilianza kubadilika lini? Ilibadilika kwa ghafula au kidogo kidogo? Je, huwa njema asubuhi ikachoka jioni, au ni mbaya siku nzima? Anafanya kazi gani? Ana kikohozi cha muda mrefu, jasho la usiku, amekonda? Apata kiungulia alalapo? Amewahi kupasuliwa shingoni? Avuta sigara, anusa ugoro, anywa pombe, na kwa kiasi gani? Hapa wazee wengine huona haya, hasa wakiwa wamefuatana na binti au mkwe, wakajibu kwamba tumbaku wameiacha zamani. Mganga haulizi ili amhukumu mtu. Tumbaku na pombe kali ndizo mama wa saratani ya zoloto, na mganga aliyenyimwa habari hiyo ni kama mtafuta njia aliyeelekezwa upande usio wake. Mzee asiyetaka kusema mbele ya mkwe aweza kuomba wabaki wawili tu, naye atakubaliwa.

Baada ya maswali, mganga husimama nyuma ya mgonjwa au mbele yake, akampapasa shingo kwa vidole pande zote mbili, akitafuta matezi yaliyovimba. Kisha humwambia afungue kinywa, akaushusha ulimi kwa kijiti laini cha mbao, akatazama mafindofindo, kaakaa na kimeo. Mwenye meno ya kubandika huyatoa.

Juu ya kimeo kuna jambo la kusemwa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ilikuwapo, na mahali pengine ingalipo, desturi ya kumkata mtoto kimeo kwa wembe au kisu, kwa kudhani ya kuwa ndicho kinachomletea kikohozi au kumzuia kunyonya. Kimeo hakileti kikohozi. Kimeo kilichokatwa huweza kutoa damu isiyokoma, na chombo kichafu huingiza pepopunda na maradhi ya damu. Mganga akiuliza kama kimeo kilikatwa, ajibiwe kweli.

Sasa yafika zamu ya kioo. Mgonjwa huketi wima, ameinama mbele kidogo, kidevu kimetokeza. Mganga hukipasha kioo joto kidogo, kisije kikafunikwa na mvuke wa pumzi, akakijaribu kwanza mgongoni mwa mkono wake ili kisiunguze. Huushika ulimi wa mgonjwa kwa kitambaa safi na kuuvuta mbele taratibu. “Mzee, tulia, pumua kwa kinywa kama mbwa aliyekimbia,” aweza kumwambia, na shauri hilo, ingawa lachekesha, ni jema sana, kwa maana mtu apumuaye hivyo hapati hamu kubwa ya kutapika. Kisha humwambia aseme “iii” kwa sauti nyembamba. Zoloto hupanda, nyuzi hukutana, na mganga huziona katika kioo. Kazi yote haizidi dakika moja. Wako watu ambao koo lao halikubali kuguswa hata kidogo, na kila kioo kiingiapo hutapika. Hilo si kosa lao wala si uoga, ni maumbile tu. Kwa mtu wa namna hiyo, na kwa yeyote ambaye kioo hakikuonyesha vya kutosha, iko njia ya puani.

Njia ya puani hutumia darubini nyembamba yenye kupindika, unene wake kama milimita tatu au nne, karibu sawa na uzi mnene wa viatu. Wajapani wawili, Sawashima na Hirose, ndio walioitangaza mwaka 1968. Ncha yake ina taa, na picha hupita ndani ya nyuzi za kioo, au katika mitambo mipya hupigwa na kamera ndogo na kutokea katika kioo cha televisheni. Watu hushangaa wakiambiwa koo litatazamwa kwa kupitia pua. Lakini pua na koo ni nyumba moja yenye milango miwili, na mlango wa pua hauchochei kutapika kama ule wa kinywa.

Mganga huuliza kwanza ni tundu lipi lipitishalo hewa vizuri zaidi. Hupuliza humo dawa ya kufungua pua na ya kutia ganzi. Dawa hiyo ni chungu, nayo hushuka mpaka kooni, na mgonjwa huona kama koo limevimba na mate hayamezeki. Hapa ndipo watu wengi hushtuka wakadhani wamezibwa. Hawakuzibwa, ni ganzi tu, na pumzi yaendelea kupita kama zamani. Baada ya dakika chache darubini hupakwa kilainishi, ikaingizwa polepole kwa kufuata sakafu ya pua. Machozi hutoka, pengine na chafya, na mahali fulani katikati ya pua husikika msukumo usiopendeza, usio maumivu makali. Ikipita hapo, taabu kubwa imekwisha. Mganga humwambia mgonjwa apumue kwa pua, na ncha ya darubini huinamishwa kuelekea kooni, ikasimama juu ya zoloto pasipo kuigusa. Mgonjwa huambiwa amezee mate, akohoe, avute pumzi ndefu, aseme “iii,” ahesabu mpaka kumi, na mwimbaji huambiwa aimbe. Ni vizuri kutii kila neno, kwa kuwa uzi uliopooza hauonekani ila wakati mwenziwe anapotembea. Mgonjwa aweza kusema akiona ni vigumu, hakufungwa kinywa. Penye televisheni ataziona nyuzi zake mwenyewe, jambo ambalo García alilihangaikia sana. Kisha darubini huvutwa nje, na kazi imekwisha.

Baada yake mgonjwa asile wala asinywe mpaka ganzi iishe, kadiri ya saa moja hivi, kwa sababu koo lisilojisikia laweza kupitisha uji au chai mapafuni. Aanze na maji kidogo kidogo. Pua yaweza kutoa tone la damu. Aibane kwa vidole sehemu yake laini, ameinamisha kichwa mbele. Hakuna dawa ya usingizi iliyotumika, kwa hiyo aweza kupanda basi kurudi kwake siku ile ile.

Uchunguzi mkubwa hufanywa pale ambapo mganga ameona kitu na ataka kukijua asili yake, au kukitoa, au pale ambapo mgonjwa ni mtoto mdogo asiyeweza kutulia. Mgonjwa hulazwa, hupewa dawa ya usingizi, na mganga huingiza bomba la chuma kwa njia ya kinywa mpaka zoloto ionekane waziwazi. Mjerumani mmoja, Kirstein, aliionyesha njia ya kuitazama zoloto bila kioo mwaka 1895. Basi hiki ndicho “chuma” wakisemacho watu sokoni. Lakini wasahau kusema kwamba mwenye kuingizwa amelala, hasikii kitu, na mtaalamu wa usingizi amesimama karibu akiilinda pumzi yake tangu mwanzo hata mwisho.

Kanuni kubwa ya siku ile ni tumbo tupu. Chakula kizito kikome saa sita hadi nane kabla ya kulazwa. Maji safi huruhusiwa mpaka saa mbili kabla, lakini kila hospitali hutoa amri yake, nayo ifuatwe. Mama amwoneaye mtoto huruma akampa uji kwa siri alfajiri amfahamu mganga pale anapoahirisha kazi: chakula kilichomo tumboni huweza kupanda wakati wa usingizi kikaingia mapafuni, na mtoto akafa kwa uji wa huruma. Jino linalotikisika litajwe mapema, kwa kuwa bomba hupita juu ya meno. Kabla ya hayo yote mgonjwa hutiwa sahihi karatasi ya kukubali. Asiweke alama ya dole gumba juu ya jambo asilolielewa. Ana haki ya kuelezwa kwa Kikamba ni kitu gani kitakatwa, ni hatari gani iliyopo, na kama sauti yaweza kubadilika. Baada ya kuamka koo litauma siku moja au mbili, na mate yaweza kuwa na alama ya damu. Damu nyingi, homa, maumivu makali ya kifua au pumzi yenye kukoroma ni sababu ya kurudi hospitali mara moja.

Kipande kidogo kikikatwa hupelekwa maabara kikatazamwe kwa hadubini. Watu huogopa kwamba kukata huko ndiko kutakakoamsha saratani. Sivyo; pasipo kipande hicho hakuna ajuaye ni matibabu gani yafaayo. Tena jibu la kwanza huenda lisitoshe, ikabidi kukata tena, na jambo hilo hata wafalme limewapata. Mwaka 1887 sauti ya Friedrich, mrithi wa ufalme wa Ujerumani, ilikauka. Waganga wa Kijerumani walishuku saratani, wakataka kumpasua. Mwingereza aliyeitwa, Mackenzie, alikata vipande, na mtaalamu mkubwa Virchow alivitazama asione saratani ndani yake. Upasuaji ukaachwa. Miezi ikapita, uvimbe ukakua, na mwezi wa Februari 1888 ikalazimu kumtoboa shingo apate kuvuta pumzi. Akawa mfalme mwezi uliofuata, hali hawezi tena kusema, akatawala siku 99 tu, akafa tarehe 15 Juni 1888. Waganga wa nchi mbili walilaumiana kwa miaka mingi. Siku hizi iko mionzi, na iko njia ya kupasua kwa kupitia kinywani, na saratani ya uzi wa sauti ikionekana ingali ndogo, wengi mno kati ya wagonjwa hupona na sauti zao wakabaki nazo. Ikichelewa, huenda zoloto yote ikatolewa, na mtu akapumua kwa tundu la shingoni maisha yake yote. Tofauti ya hao wawili mara nyingi ni miezi michache ya barua kukaa sandukuni.

Lakini si kila sauti iliyokauka ni saratani. Iliyo nyingi si saratani. Walimu, wahubiri, waimbaji wa kwaya, makondakta wa matatu na akina mama waongozao nyimbo za mwethya wachimbapo matuta, hupatwa na vijinundu ukingoni mwa nyuzi, mfano wa sugu za mkono wa mwenye jembe. Vijinundu hivyo mara nyingi huondoka kwa kupumzisha sauti na kufundishwa kuitumia vizuri, bila kisu. Mganga amwambiapo mwalimu anyamaze wiki moja, ana maana ya kunyamaza kweli. Kunong’ona si kupumzika, kwa maana anong’onaye hukaza koo kuliko asemaye polepole. Maji anywe mengi. Asidi ya tumbo nayo hupanda usiku ikaunguza zoloto, na dawa yake ni kutokula usiku sana, pamoja na vidonge. Kifua kikuu huweza kukaa hata kwenye nyuzi za sauti. Kwa hiyo mwenye kikohozi cha siku nyingi hupimwa makohozi, na akionekana nacho hutibiwa kwa miezi sita bila malipo katika hospitali za serikali. Mwenye rovu atakayepasuliwa hutazamwa zoloto kabla na baada, kwa sababu mishipa ya fahamu iziendeshayo nyuzi za sauti hupita nyuma kabisa ya tezi lile, na mpasuaji mwangalifu hutaka kujua kama ilikuwa nzima kabla hajashika kisu.

Watoto wana mambo yao. Mtoto mwenye sauti iliyokauka kwa miezi, na pumzi yenye mlio, huenda akatibiwa pumu mwaka mzima na kumbe ana vinyama vimeota ndani ya zoloto kama chunjua. Vinyama hivyo vyaletwa na kirusi, si saratani, lakini vyaweza kuziba njia ya pumzi, na vikitolewa huota tena. Wazazi wajiandae kurudi hospitali mara nyingi. Mtoto aliyeshikwa ghafula na homa kali, ambaye hawezi kumeza mate, yanamtoka mdomoni, naye ameketi akiinama mbele akitafuta pumzi, asishushwe ulimi kwa kijiko nyumbani ili koo litazamwe. Huweza kuzibwa pale pale. Aachwe ameketi mapajani mwa mama yake, apelekwe hospitali upesi.

Mwisho ni ndengu. Nchi hii yalima ndengu, mbaazi na kunde kwa wingi, na wakati wa kupura watoto hucheza nazo wakazitia kinywani. Mtoto akicheka au akianguka, punje huingia njia ya pumzi. Hukohoa mpaka akageuka rangi, kisha hutulia, na watu wa nyumbani hushukuru kwamba imekwisha. Pengine haikwisha. Punje imeshuka pafuni, nayo hunywa maji ikavimba, na baada ya siku chache mtoto ana kikohozi na homa, akatibiwa kichomi kisichosikia dawa. Akiwa bado anakohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Akiwa hawezi kukohoa wala kulia, alazwe kifudifudi mapajani, kichwa kimeelekea chini, apigwe kwa kiganja kati ya mabega mara tano. Kidole kisiingizwe kinywani kwa kupapasa, kitaisukuma ndani zaidi. Mfupa wa kuku au wa samaki uliokwama nao usisukumwe kwa tonge la ugali, maana tonge huuzamisha nyamani. Na mtoto aliyepaliwa na punje, hata akionekana mzima, apelekwe hospitali siku ile ile, akifuatana na yule aliyekuwa naye uwanjani, awe ni kaka yake mwenye miaka sita. Picha ya eksirei mara nyingi haiionyeshi ndengu. Maneno ya huyo kaka ndiyo yatakayomfanya mganga aamue kumlaza mtoto na kutazama.